Ndege ya Meta Tatu, Gari la Meta Tatu

Ndugu msomaji, mtu mwenye busara anapotaka kununua kabati hupima kwanza mlango wa nyumba yake. Fundi naye, kabla hajagonga msumari wa kwanza, huuliza kitanda kitapita wapi. Hayo tunayafahamu sote. Lakini wako watu, tena wenye akili timamu na mikono hodari, ambao hutumia miezi minane ya jioni zao kujenga kitu kizuri, wakakipaka rangi, wakakipongeza, ndipo wakatoka nje na futi kamba kwenda kupima gari lao. Watu hao ni wajenzi wa ndege za mfano zinazoongozwa kwa redio.

Usidhani tunazungumzia vitu vya kuchezea watoto. Katika nchi za Ulaya na Marekani mchezo huu ni wa watu wazima: mafundi wa viwandani, makarani, walimu na wazee waliostaafu. Ulianza kupata sura yake ya leo mwaka 1937, wakati ndugu wawili pacha, Walter na William Good, wa mji wa Kalamazoo katika jimbo la Michigan, waliporusha ndege yao waliyoiita Guff na kuiongoza kwa redio kutoka chini. Ndege hiyo sasa imehifadhiwa katika makumbusho ya Smithsonian. Redio za siku zile zilikuwa nzito, hivyo ndege yenyewe ililazimika kuwa kubwa ili iweze kuzibeba. Leo redio yaweza kulala kiganjani, lakini tamaa ya ndege kubwa haikupungua hata kidogo. Kwa kipimo cha chama kimoja cha Marekani kinachoshughulikia ndege hizo, ndege yenye jozi moja ya mabawa huhesabiwa kuwa kubwa ikiwa upana wa mabawa yake umefikia inchi 80, yaani meta 2 na sentimeta 3. Na hapo ndipo watu wengi huanzia tu.

Sababu ya kupenda ukubwa ni ya kweli. Ndege kubwa hupaa kwa utulivu, haiyumbishwi na kila upepo, na machoni mwa mtazamaji hufanana zaidi na ndege halisi. Shida yake haiko angani. Iko barabarani, kati ya nyumba ya mfanyakazi mjini na uwanja wa majani ulio nje ya mji.

Tufanye hesabu kidogo. Ndege ipendwayo sana na wajenzi hao ni Piper Cub, ile ndege ya Kimarekani ya rangi ya manjano yenye mstari mweusi ubavuni. Ndege halisi ina mabawa ya upana wa meta 10.74 na urefu wa meta 6.83. Ukiijenga kwa robo ya kipimo hicho, unapata mabawa ya karibu meta 2.7 na urefu wa meta 1.7. Ukiijenga kwa theluthi, mabawa yanakuwa karibu meta 3.6. Sasa chukua gari dogo ambalo Waingereza walilipenda kuliko mengine yote, Mini, lililobuniwa na Alec Issigonis na kutolewa mwaka 1959. Gari hilo, kutoka bampa hadi bampa, lilikuwa na urefu wa meta 3 na sentimeta 5. Kwa maneno mengine, ndege ya theluthi ilikuwa pana kuliko urefu wa gari lililotakiwa kuibeba! Magari madogo ya leo yameongezeka kimo, lakini si kwa kiasi cha kumwokoa mjenzi. Toyota Yaris ya kwanza, ambayo sisi huku twaiita Vitz na kuipanda kila siku, ina urefu wa karibu meta 3.6 kwa nje. Kwa ndani, ukiondoa injini, hubaki nafasi ndogo zaidi.

Hapo, ndugu msomaji, ndipo jambo hili linapoingia katika ukurasa wa jamaa. Maana mwenye ndege akishaona haiingii, jambo la kwanza analolifanya ni kuulaza au kuung'oa kabisa kiti cha mbele cha abiria. Hicho ni kiti cha nani? Ni cha mkewe. Kisha hulaza kiti cha nyuma. Hicho ni cha watoto. Jumapili ikifika, baba anaondoka na ndege, na jamaa yote inabaki nyumbani. Starehe iliyoanza mezani, watoto wakishika gundi na mama akisaidia kukata kitambaa cha mabawa, inageuka kuwa safari ya mtu mmoja na mzigo wake. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hilo ni jambo zito kuliko bawa lililovunjika, na linafaa kufikiriwa siku ya kuchagua ramani ya ndege, si asubuhi ya safari.

Dawa yake ya kale ni kuijenga ndege ikubali kufunguliwa. Otto Lilienthal, Mjerumani aliyeruka kwa mabawa yake mwenyewe kabla ya kuwapo ndege zenye injini, alilijua jambo hili. Hakuruka nyumbani Berlin tu, bali alisafiri hadi vilima vya upande wa Rhinow. Chombo chake cha mwaka 1894, chenye mabawa ya upana wa karibu meta 6.7, kiliweza kukunjwa kama bawa la popo ili kichukuliwe na kuhifadhiwa. Wanajeshi wa majini nao walikutwa na tatizo hilo hilo: ndege nyingi, meli finyu. Leroy Grumman wa Marekani anasimuliwa kuwa alitafuta njia kwa kuchomeka vibanio vya karatasi katika kifutio, akivigeuza huku na huku, mpaka akaona jinsi bawa linavyoweza kujipinda na kulala ubavuni mwa ndege. Ndege yake ya Wildcat, iliyokuwa na upana wa meta 11.6, ilipokunjwa ilibaki na meta 4.4 tu.

Wajenzi wa ndege za mfano hawakunji, wao huchomoa. Bawa hujengwa vipande viwili, na kupitia tumbo la ndege hupenyezwa bomba moja la alumini au la nyuzi za kaboni ambalo mabawa yote mawili huvikwa juu yake, kisha kila bawa hukazwa kwa bolti moja au mbili. Basi lile bawa la meta 2.7 linakuwa vipande viwili visivyozidi meta 1.4 kila kimoja, na vipande hivyo hulala kimoja juu ya kingine bila ugomvi. Mkia nao una bawa lake dogo linalotokeza pande zote mbili, nalo huzuia mambo mengi kuliko linavyoonekana. Fundi mwangalifu hulifanya nalo litoke kwa skrubu. Waya za umeme zinazoendesha vibawa vya kugeuzia huungwa kwa plagi ndogo, na kila plagi hutiwa alama ya rangi ili mkono wa haraka usiunge kushoto na kulia. Ukiunga hivyo, ndege itageuka upande usioutaka, nawe utalijua hilo ikiwa tayari hewani.

Kinachobaki kigumu ni kiwiliwili. Hicho hakikatwi kwa urahisi. Cha meta 1.7 kitataka kulala kutoka mlango wa nyuma mpaka katikati ya viti vya mbele, na mkia wake karibu na mkono wa dereva. Magari ambayo viti vyake vya nyuma hukunjwa nusu nusu husaidia sana. Honda Jazz, ambayo huku kwetu huitwa Fit, imesifiwa na wengi kwa sababu tangi lake la petroli limewekwa chini ya viti vya mbele, na hivyo viti vya nyuma hulala sawasawa na sakafu. Hata hivyo, kwa ndege ya injini yenye tumbo nene, tusidanganyane: atapanda dereva na labda mtu mmoja.

Kwa mwenye watoto wawili au watatu ningemshauri aiangalie ndege ya aina nyingine, ile isiyo na injini kubwa, yenye mabawa marefu membamba, inayoelea juu ya hewa ya joto kama mwewe. Kwa macho ni kubwa zaidi, kwani yaweza kuwa na mabawa ya meta 3 au kuzidi. Lakini mabawa hayo huchomoka vipande viwili au vitatu, na kiwiliwili chake ni chembamba kama mwanzi. Hulazwa kando ya mlango, kikachukua nafasi ya mtu mmoja tu. Ndege iliyo pana zaidi angani huwa nyembamba zaidi garini. Wengi hawalijui hili mpaka wameshatumia fedha zao.

Sasa kupakia. Ndege nyingi za mfano huumia ardhini, wala si kwa kuanguka: kona ya bawa imegonga mlango, sanduku limeteleza, mtoto ameegemea. Mbao ya balsa ni nyepesi mno na haivumilii kidole. Kila bawa basi lishonewe mfuko wake. Blanketi kuukuu lililokunjwa na kushonwa pande tatu lafanya kazi vizuri kama mifuko inayouzwa madukani. Chini ya kiwiliwili huwekwa vipande vya godoro la sponji vilivyokatwa kwa umbo la tumbo lake, ili kisiviringike. Kizito hutangulia chini, kyepesi hufuata juu. Na kitakachohitajika kwanza uwanjani hupakiwa mwisho.

Kisha kila kitu kifungwe. Gari linalokwenda kilometa 50 kwa saa likigonga na kusimama ghafla, kitu kisichofungwa ndani yake huendelea mbele kwa nguvu sawa na ya kitu kilichoanguka kutoka urefu wa meta 10, yaani kama kutoka paa la nyumba ya ghorofa. Ndege yenye injini yaweza kuwa na kilo 10. Fikiri kilo 10 zikianguka kutoka huko juu ya kichwa cha mtoto. Mikanda ya viti ambavyo havina abiria ipitishwe kwenye miguu ya magurudumu ya ndege na kukazwa. Na sanduku la vyombo, ambalo mara nyingi ni zito kuliko ndege, likae sakafuni, nyuma ya kiti, kamwe lisiwekwe juu ya kiti.

Wengine hutazama juu ya paa. Sanduku la plastiki linalofungwa kwenye keria ni zuri kwa mabawa. Lakini mtu asijaribu kulifunga bawa tupu juu ya gari kwa kamba. Bawa hilo limetengenezwa kuinua ndege kwa mwendo usiofika hata nusu ya mwendo wa gari katika barabara kuu, nalo halitajua kwamba safari hii halikutakiwa kuinua kitu. Tela dogo la kuvutwa ndilo linalomaliza matatizo yote, ila mkaaji wa ghorofani mjini ataliegesha wapi siku sita zilizobaki? Na mwenye kuacha mlango wa nyuma wazi ili mkia utokeze akumbuke sheria za barabara. Huko Uingereza, mzigo unaotokeza nyuma kwa zaidi ya meta 1 lazima uwekewe alama ya kuonekana wazi.

Yapo mambo ya hatari ambayo hayataki mzaha. Petroli ya ndege imwagwe tangini kabla ya safari. Harufu yake tu katika gari lililofungwa yatosha kuwaumiza watoto kichwa. Ndege ya umeme iondolewe betri, na rafadha yake ifunguliwe ikiwezekana, maana mota ikiamka njiani rafadha ni kisu. Betri za lithiamu zinazotumika sasa zikipigwa au zikitobolewa zaweza kuwaka moto mkali, kwa hiyo hubebwa katika mfuko wake usioshika moto, mbali na vyuma, wala hazichajiwi gari likiwa linakwenda. Na zisiachwe garini juani. Siku yenye joto la nyuzi 30 nje, gari lililofungwa vioo huweza kupita nyuzi 50 ndani kwa muda wa saa moja. Joto hilo hulidhuru pia lile karatasi la plastiki linalofunika mabawa, likalegea na kufanya makunyanzi kama ngozi ya embe lililolala.

Mwisho ni vitu vidogo. Bolti nne, skrubu mbili za mkia, ufunguo wake, chombo cha kuongozea: vyote vikae katika kopo moja lenye kifuniko, na kopo hilo lisitoke katika sanduku la vyombo ila uwanjani. Kinachosahaulika zaidi kuliko vyote ni lile bomba la alumini. Halina umbo la ndege, hivyo jicho halilikumbuki. Huachwa limeegemea ukuta nyuma ya mlango, na bila hilo mabawa mazima yaliyosafirishwa kilometa 60 ni mbao tu. Baadhi ya wenye mchezo huu wamepata dawa rahisi. Usiku wa kuamkia safari hulifunga bomba hilo kwa uzi pamoja na funguo za gari.