Namba Zinazocheza Kwenye Mizani ya Usenge

Pale Usenge ufuoni, mizani ya kidijitali ikianza kurukaruka hali mbuta amelala kimya juu yake, maneno hayakosekani. Mengi hayana mashiko.

"Mchuuzi anaichezea." Wapo wanaochezea, sikatai. Lakini mwizi huvuta upande wake tu. Namba zikipanda na kushuka kila grenda ya fundi jirani inaponguruma, tafuta sababu kwingine. Kihisi cha mizani kwa kawaida hutoa milivolti 2 kwa kila volti inayokilisha. Kikilishwa volti 5, mizani ya kilo 30 iliyojaa hutoa milivolti 10 pekee. Gramu 10 ni mikrovolti 3 na ushei. Soketi iliyo karibu ina volti 240. Uchafu kidogo tu wa umeme, ule mafundi wanaouita kelele, ukipenya kupitia chaja, hesabu imeharibika.

"Stima ndiyo mbovu." Zima vyombo kimoja kimoja kabla ya kumlaumu mwenye nguzo. Grenda na drili ndizo za kushukiwa kwanza, maana brashi zake za kaboni hutoa cheche muda wote mota inapozunguka. Kompresa ya friza ya kawaida haina brashi. Yenyewe husumbua inapowaka na kuzima, na pale inapowaka huvuta mkondo mkubwa hadi taa zififie. Huo ni ugonjwa mwingine.

"Kelele inapita hewani, isogeze mizani." Chomoa chaja, upime kwa betri. Ikitulia, njia ni waya, na kuhamia soketi nyingine ya laini ileile hakutasaidia kitu.

"Nunua stabilaiza." Stabilaiza husawazisha volti zinapopanda na kushuka polepole. Mitikisiko ya maelfu kwa maelfu kila sekunde huipita tu. Dawa huwekwa kwenye chanzo: chujio karibu na mota, lenye kapasita ya aina ya X2 kati ya laini na nyutro, na za aina ya Y kwenda athi. Kapasita iliyong'olewa kwenye redio kuukuu haifai hapo, kwani ikifa inaweza kuwasha moto.

"Kata waya wa athi, kelele itaisha." Hili ndilo linaloniudhi, kwa sababu mara nyingine kelele hupungua kweli, na fundi akasifiwa. Kumbuka mahali penyewe: sakafu imelowa, friza ni ya chuma, watu wako peku. Hitilafu ikitokea, bodi ya friza inabaki na volti 240 ikimsubiri wa kwanza kuigusa. Hata bila hitilafu, chujio lenye kapasita mbili za Y lisilo na athi huipandisha bodi hadi karibu volti 120. Mkondo wake ni mdogo, ila mkono utausikia. Kwa hiyo fundi apime athi kwanza, ndipo chujio linunuliwe.