Salio Si Akiba

Ifikapo Desemba, katika miji ya Nyeri, Karatina, Othaya hata Kerugoya, vyama vingi vya kusaidiana hufunga mwaka kwa namna moja: hesabu husomwa, chai hunywewa, kisha kila mwanachama hupewa fungu lake mpaka mfuko ubaki mtupu. Januari chama huanza upya kama mtoto mchanga. Sisi walimu ndio makatibu na waweka hazina wa vyama hivi, kwa hiyo lawama naianzia kwetu.

Tuchukue mfano. Wanachama 40 wakitoa shilingi 500 kila mwezi, chama hupata 20,000. Katiba yao huahidi 30,000 kwa aliyefiwa. Msiba ukitokea Januari, ahadi imepunguka kwa 10,000, na katibu hana budi kupitisha karatasi ya mchango kwa watu wale wale waliokwisha kutoa. Aliyefiwa naye hungoja, ilhali jeneza halingoji.

Kosa hili huanzia katika maneno. Kilichobaki benki huandikwa “akiba”, kumbe ni salio tu. Mwanafunzi wangu wa sarufi angeniuliza tofauti ni nini. Salio hutokea lenyewe baada ya matumizi. Akiba, neno lililotoka katika Kiarabu likihusu kile kifuatacho nyuma, hutengwa kwa makusudi kabla ya matumizi.

Machi 2020 shule zilipofungwa kwa ajili ya Korona, walimu wengi walioajiriwa na bodi za shule walikosa mishahara. Michango ilikatika pale pale mahitaji yalipozidi. Chama kilichokuwa kimegawana kila senti Desemba 2019 kingewapa nini?

Najua pingamizi: fedha zikikaa zitaliwa. Hofu hiyo si ya bure. Katika chama kimoja nilichokuwamo, mweka hazina alihama pamoja na daftari. Lakini kugawana zote ni kukiri kwamba hatuaminiani, kisha kuendelea kuahidiana. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022 hutaka kikundi kiwe na katiba. Basi katiba hiyo itaje akiba isiyogawanywa, sahihi tatu za kuitoa, na taarifa ya benki isomwe kila mkutano, si Desemba pekee.

Kwa chama cha mfano wetu, akiba ya misiba mitatu ni 90,000, yaani shilingi 2,250 kwa kila mwanachama, zikatwe mara moja tu katika mgao ambao, mwaka usio na msiba, ungekuwa 6,000.