Bitana Si Ziada



Kuna kitu ambacho bibi harusi hukikumbuka mwisho, na pesa zikipungua hukikata kwanza: bitana. Kitambaa cha juu kimechaguliwa kwa wiki nzima, picha zimetumwa kwa wifi na shangazi, shanga zimeshalipiwa. Fundi akiuliza, "Na bitana?" anajibiwa, "Tia kidogo tu hapo kifuani na mapajani." Mimi ni fundi, nina duka langu hapa Songea, na nasema wazi: gauni la kitambaa chepesi lisilo na bitana kamili halijaisha kushonwa.

Sina ugomvi na vitambaa vyepesi. Shifoni, oganza, lesi na pamba laini za madera ni vizuri, na kwa joto la Unguja wakati wa kaskazi mtu hawezi kuvaa turubai. Cha kufanya tumekwisha kuelekezwa. Imam Ahmad amepokea katika Musnad yake kwamba Mtume (s.a.w.) alimpa Usama bin Zaid (r.a.) vazi la kitambaa cha Misri, naye Usama akampa mkewe. Mtume alipouliza mbona halivai, akaeleza alikolipeleka. Akaagizwa amwambie mkewe avae nguo nyingine chini yake, kwa kuchelea lisije likaonyesha umbo la mifupa yake. Tazameni busara hiyo. Mwanamke hakunyang'anywa vazi wala hakuambiwa aliuze. Aliambiwa avae cha ndani. Kwa Kiarabu nguo hiyo ya ndani huitwa ghilala; sisi tunaiita shimizi.

Kisha kuna swala. Wengi wetu, Visiwani na Bara, tunafuata madhehebu ya Imam Shafi, na humo nguo ya kuswalia lazima ifiche rangi ya ngozi. Shughuli ya harusi huanza alasiri ikavuka magharibi. Gauni lenye bitana ya kifuani tu na mikono mitupu ya shifoni linamlazimu bibi harusi atafute kanga za kujifunika juu ya urembo wote ule, na wengine, Allah atusamehe, huiacha swala ipite. Bitana ya mikono miwili haifiki hata mita moja. Akiwa nayo, na mtandio mzito na soksi, anaswali na gauni lake bila taabu.

Jambo linaloniuma zaidi ni sare. Kamati inachagua kitambaa kimoja cha wanawake wote wa upande wa bibi harusi, inatangaza bei, kila mtu anunue chake. Kitambaa kikiwa cha kuangaza, bei ile iliyotangazwa si ya kweli, maana kila mama bado ana bitana mbele yake na ufundi wa kushona nguo mbili kwa moja. Mwenye uwezo analipa. Asiye na uwezo anavaa hivyo hivyo na kukaa pembeni akijifunika mtandio, au anasingizia homa na kubaki nyumbani. Huyo ni shangazi yako, au jirani aliyekuteka maji ulipokuwa mdogo. Wana kamati, mkichagua shifoni, tangazeni bei ya kitambaa pamoja na bitana. Hamwezi? Chagueni kitambaa kizito. Sare imewekwa ili watu wafanane, isiwe njia ya kuonyesha nani hana.

Najua malalamiko mawili. La kwanza ni joto. Mara nyingi kinachochoma ni bitana ya polista ya bei rahisi, inayoteleza dukani na kunata mwilini ukitoka jasho. Hata huku kwetu, baridi kavu ya Juni na Julai ikiingia, hujishika miguuni mtu akitembea. Kwa gauni la Visiwani ombeni bitana ya pamba nyepesi. Iloweke, ianike na uipige pasi kabla haijakatwa, kwani pamba hurudi, na ikirudi ndani ya gauni itavuta mshono wa juu.

La pili ni kwamba bitana inanenepesha. Inayonenepesha ni ile iliyokatwa vibaya. Bitana ishikane na gauni shingoni, mabegani na kwenye zipu, halafu pindo lake liachwe huru. Iwe na upana wa kutosha hatua, isibane kuliko gauni lenyewe. Urefu wake uishie inchi moja au mbili juu ya pindo la gauni. Bitana ya magotini chini ya gauni refu ni mbaya kuliko watu wanavyodhani: ukisimama penye mwanga, mstari wake unamwelekeza mtazamaji pale hasa ulipotaka asitazame.

Rangi nayo ina mambo yake. Chini ya lesi, bitana ya rangi ya mwili imekuwa mtindo. Ngozi imefichwa kweli, lakini aliye upande wa pili wa ukumbi anaona mwanamke aliyevaa matundu. Stara gani inayoiga uchi? Kwa lesi, tieni bitana ya rangi ya lesi yenyewe au iliyokoza zaidi. Rangi ya mwili ina mahali pake, nayo ni shimizi chini ya pamba nyeupe, kwa sababu shimizi nyeupe huonyesha ukingo wake.

Mwenye madera mengi asihangaike kutia bitana kila moja. Shimizi moja nzuri, kuanzia begani hadi kifundo cha mguu, inatumika chini ya yote. Mita 3 za pamba ya upana wa inchi 45 humtosha mwanamke wa umbo la kati, bila mikono. Shona mbili, moja ikifuliwa nyingine ivaliwe.

Kabla ya kulipa, vaa gauni, simama mlangoni jua likiwa nyuma yako, piga hatua moja, na mwombe dada yako akutazame. Kisha akupige picha kwa taa ya simu, mbele na nyuma. Taa ya kamera hupenya pale ambapo kioo cha chumbani hakikukuonyesha kitu, na picha za harusi zikishaingia kwenye simu za watu hazirudi.

Nanyi mafundi wenzangu, tajeni bei moja, gauni pamoja na bitana yake, tangu siku ya kupima. Mteja akitaka kuipunguza, mwambieni kinachopungua.

Allah atusitiri duniani na akhera, na awajaalie mabibi harusi wetu ndoa zenye kheri na baraka. Amin.