Nakala usiyowahi kuirejesha si nakala

Kimya changu kimekuwa kirefu. Nilipatwa na aibu, na leo naisimulia ili isikupate wewe.

Ninatunza hifadhidata ya chama kimoja cha akiba. Kila usiku programu ya pg_dump ilitoa nakala, gzip ikaibana, kisha ikapelekwa Amazon S3, ambako unaweka faili nzima ndani ya "baketi" na kuichukua baadaye kwa jina lake. Kila asubuhi nilipata barua pepe: "Imefaulu."

Diski ya seva ilipokufa, nilifungua baketi bila wasiwasi wowote. Faili zilikuwepo, moja kwa kila usiku. Ukubwa wa kila moja: baiti 20. Hiyo ni gzip ya kitu kitupu! Miezi miwili nyuma nilibadilisha neno la siri la hifadhidata nikasahau kubadilisha kwenye skripti. pg_dump ilishindwa kuingia, gzip ikabana hewa, S3 ikapokea. Michango ya miezi hiyo tuliijenga upya kutokana na jumbe za M-Pesa kwenye simu za wanachama. Mweka hazina hakunikaripia. Aliniuliza tu, "Kijana, hukuwahi kuangalia?"

Si mimi peke yangu. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa GitLab alifuta kimakosa data ya hifadhidata yao kuu. Walipokimbilia S3, baketi ilikuwa tupu: pg_dump yao ilikuwa toleo 9.2, hifadhidata 9.6. Waliokolewa na nakala ambayo mhandisi alikuwa ameichukua kwa mkono saa sita hivi kabla ya ajali. Bahati tu.

Watu husifu S3 kwa ahadi yake ya kutopoteza kitu, asilimia 99.999999999. Sawa, lakini ukiweka faili tupu, utatunziwa utupu huo kwa uaminifu mkubwa.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: usinionyeshe "Imefaulu", nionyeshe siku uliyorejesha. Sasa kila tarehe mosi nashusha nakala kwenye mashine nyingine, nairejesha, nahesabu rekodi, kisha nalinganisha jumla na daftari la mweka hazina. Skripti husimama na kupiga kelele pg_dump ikishindwa. Utunzaji wa matoleo ya zamani, ambao S3 haiuwashi yenyewe, nimeuwasha. Ufunguo wa seva unaweza kuandika, hauwezi kufuta.

Kazi yote hiyo haifiki saa moja kwa mwezi. Wewe je, mara ya mwisho kurejesha ilikuwa lini?