Yaliyofichwa Uani Yafike Mkutanoni

Kwa miaka mingi hapa Dar es Salaam kijana akianza kuvuta unga, nyumba nzima ilinyamaza. Mama alificha pochi na redio, baba akalaumu marafiki, majirani wakashusha sauti. Kila nyumba ya Kinondoni na Temeke iliyofikwa na msiba huu iliubeba kana kwamba ni wake peke yake. Huko nje kijana yule yule aliitwa teja, akapigwa kwa kuiba ndoo, akalala mahabusu, akarudi maskani na arosto ile ile.

Nyumba mia zikificha jambo moja, serikali hailioni jambo hilo. Inaona wezi tu.

Ni nini basi kilichogeuza mambo? Si wingi wa vijana, maana heroini, ndiyo unga wenyewe, ilikwisha kuingia mwambao huu tangu miaka ya 1980. Ni pale walipoanza kujidunga na kuchangia sindano, na virusi vya UKIMWI vikapita humo. Watafiti na waelimishaji wakaenda vijiweni, wakauliza, wakapima, na majibu yakafika mezani kwa wakubwa yakiitwa ugonjwa. Februari 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili ikafungua kliniki ya methadoni, dawa inayotuliza arosto, na ilikuwa ya kwanza nchini. Baadaye zikafuata Mwananyamala na Temeke. Asubuhi utaikuta foleni: kila mmoja anakunywa dozi yake ya majimaji mbele ya mhudumu, kisha anashika njia kwenda kutafuta riziki. Aliyekuwa akikimbizwa na mgambo sasa ana faili hospitalini.

Lakini inauma kwamba ilibidi virusi viwatishe wasiotumia ndipo anayetumia asikilizwe. Wazazi wangesema mapema, wangapi wasingezikwa?

Na kazi haijaisha. Katika foleni zile wanawake ni wachache mno, si kwa sababu hawatumii. Mwanamke akijulikana hufukuzwa nyumbani na kutengwa na watoto wake, kwa hiyo hujificha zaidi ya kaka yake. Huyu bado hajawa suala la umma. Bado ni aibu ya ukoo.

Basi mkutano wa mtaa ukiitishwa, mwenyekiti akifika kwenye mengineyo, usingoje mwingine aanze kwa taa za barabarani. Simama, mzazi mwenzangu, useme: kwangu yupo binti anayetumia, naomba apelekwe kliniki. Utashangaa watakaosimama baada yako. Na dawa yenyewe hailipiwi.