Wodi ni Kiwanja cha Gwaride cha Daktari

Koplo mmoja wa jeshi, aliyevunjika mguu katika ajali ya gari, alilazwa katika hospitali moja ya serikali. Tulipokwenda kumjulia hali tulimkuta amefura kwa hasira. Asubuhi ile vijana watano wenye makoti meupe walikuwa wamekizunguka kitanda chake, wakimwuliza maswali yale yale ambayo alikwisha kuyajibu usiku alipopokelewa. Aliwafukuza wote. “Waleteni madaktari,” alituambia. “Mimi si shamba la watu kujifunzia kulima.”

Hasira yake tuliielewa. Mtu mwenye maumivu hapendi kugeuzwa kitabu. Hata hivyo, tumeona ni wajibu wetu kulieleza jambo hili, kwa sababu askari na polisi ni miongoni mwa watu ambao kazi yao huwafikisha hospitalini mara nyingi, wakiwa wagonjwa wenyewe au wakiwa wamewapeleka wengine. Zaidi ya hayo, wamo kambini wazazi wenye watoto wanaosomea udaktari, na mzazi anastahili kujua mwanawe anakwenda kukutana na nini.

Hospitali ya Mulago ilianzishwa mwaka 1913, na shule ya udaktari ya Makerere ikaanza mwaka 1924. Jengo kubwa la Mulago mpya lilifunguliwa mwaka 1962, mwaka ule ule Uganda ilipopata uhuru. Kwa hiyo kitanda cha mgonjwa na daftari la mwanafunzi vimekaa ujirani kwa muda wa miaka 100 na zaidi. Madaktari waliozitibu familia zetu, pamoja na wale waliovaa sare za jeshi, wengi wao walianza kazi wakiwa vijana wenye hofu, wamesimama mbele ya kitanda cha mtu wasiyemjua.

Masomo ya udaktari huko Makerere huchukua miaka 5. Miaka 2 ya kwanza mwanafunzi huitumia zaidi darasani, katika maabara na katika chumba cha kupasulia maiti, akijifunza jinsi mwili ulivyoumbwa na jinsi unavyofanya kazi. Kuanzia mwaka wa 3 huingia wodini. Huhamishwa kutoka idara hadi idara, wiki kadhaa hapa na wiki kadhaa pale: magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto, uzazi, na magonjwa ya akili ambayo hospitali yake kuu ni Butabika. Siku hizi baadhi ya kazi hiyo hufanyika pia katika hospitali za Kiruddu na Kawempe. Na hata akiisha kupata shahada haachiwi kufanya kazi peke yake. Hana budi kutimiza mwaka mmoja wa mazoezi chini ya uangalizi kabla ya kuandikishwa kuwa daktari kamili.

Yeyote aliyepitia mafunzo ya kuruta atayatambua maisha hayo mara moja. Mwanafunzi hufika wodini mapema, kabla ya wakubwa. Hupewa wagonjwa wake, na kwa kila mmoja hutakiwa kuandika habari zake kwa utaratibu: anaumwa nini, tangu lini, yalianzaje, alipata kuugua nini zamani, anatumia dawa gani, nyumbani anaishi na nani. Kisha humpima kwa mpango usiobadilika: kutazama, kupapasa, kugongagonga kwa vidole, na mwisho kusikiliza kwa stetoskopu. Asiyetazama kwanza na kukimbilia kusikiliza ni sawa na askari anayefyatua risasi kabla ya kulenga.

Halafu hufika raundi. Daktari bingwa hupita kitanda kwa kitanda, na mwanafunzi huitwa aeleze habari za mgonjwa wake mbele ya wote. Akisahau umri wa mgonjwa, ataulizwa. Akibahatisha, atajulikana. Wako waliotokwa na machozi wodini, na haikuwa dhambi. Lakini hakuna afya itokanayo na kumdhalilisha mwanafunzi kwa ajili ya kumdhalilisha tu. Mkufunzi mwema, wa gwaride au wa wodi, husahihisha kosa bila ya kumvunja mtu.

Tungependa kuwakumbusha vijana hao pia jambo ambalo kila luteni mpya hujifunza, ama kwa hiari ama kwa aibu. Afisa kijana akifika kikosini na nyota yake mpya, sajenti ndiye anayemwonyesha mambo yalivyo. Wodini sajenti huyo ni mwuguzi. Yeye ndiye ajuaye mgonjwa yupi hakulala, dawa ipi imekwisha, na mshipa wa mtoto hupatikanaje. Mwanafunzi anayemsalimu mwuguzi kwa heshima na kumwomba amfundishe atatoka na elimu isiyoandikwa kitabuni.

Kuna suala la lugha. Wodi moja ya Mulago huweza kuwa na mgonjwa kutoka Karamoja, mwingine kutoka Nile Magharibi, wa tatu kutoka Teso na wa nne kutoka Ankole. Mwanafunzi ambaye hawezi kuzungumza na mgonjwa wake hutegemea mkalimani, na maumivu yakipita katika vinywa viwili hufika yamepungua au yameongezeka. Kiswahili, ambacho askari wamekitumia kwa muda mrefu kama lugha ya kazi, kingewafaa sana madaktari wetu wa kesho. Askari aliyelazwa na akamfundisha mwanafunzi kusema “Inauma wapi?” amelitumikia taifa akiwa kitandani.

Hatari nazo zipo, wala hatutazificha. Sindano iliyomchoma mgonjwa huweza kumchoma mwanafunzi. Ajali hiyo isifichwe kwa aibu. Jeraha lioshwe kwa maji na sabuni, na habari itolewe mara moja, kwani dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI hufaa zikianzwa mapema, kabla ya saa 72 kupita, na hunywewa kwa muda wa siku 28. Mwaka 2000, ugonjwa wa Ebola ulipozuka Gulu, wanafunzi wa uuguzi wa Hospitali ya Lacor walikuwa miongoni mwa waliokufa mwanzoni, kabla ugonjwa wenyewe haujatambuliwa. Daktari Matthew Lukwiya, aliyekuwa Kampala masomoni, alirudi kuongoza mapambano hayo, naye akafa kwa ugonjwa huo huo mwezi Desemba. Watu 425 waliugua na 224 kati yao wakafa. Tunamtaja hapa pamoja na wanafunzi wale kwa sababu waliingia mahali pa hatari kwa ajili ya wengine, na hilo askari hahitaji kuelezwa.

Lakini mwanafunzi naye huweza kuwa hatari kwa mgonjwa. Mfano mkubwa uko katika historia ya Ulaya. Katika hospitali kuu ya Vienna palikuwa na wodi mbili za uzazi, moja ya madaktari na wanafunzi wao, nyingine ya wakunga. Mwaka 1846, katika wodi ya wanafunzi walikufa zaidi ya akina mama 11 katika kila 100. Katika wodi ya wakunga hawakufika 3. Daktari Semmelweis aligundua kwamba madaktari na wanafunzi walitoka kupasua maiti na kwenda moja kwa moja kuwashika wazazi. Mwaka 1847 aliamuru kila mmoja anawe mikono kwa maji yenye klorini, na mwaka 1848 vifo vikashuka hadi kufikia mmoja na kidogo katika kila 100. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa vijana wenye bidii, wenye mikono michafu.

Na iko namna nyingine ya mikono michafu. Mke wa konstebo mmoja alitusimulia jinsi, katika hospitali ambayo hatutaitaja, alivyopimwa na wanafunzi wanne mmoja baada ya mwingine wakati wa uchungu, bila ya pazia wala mtu wa kumwambia hata neno la kumwomba ruhusa. Mtoto alizaliwa salama. Lakini mimba iliyofuata mama yule alikataa kurudi hospitalini, akajifungulia nyumbani, na akatokwa na damu nusura afe. Hakuna aliyemjeruhi kwa kisu; walimjeruhi kwa kutomwona kuwa ni mtu. Kwa hiyo tunasema wazi: mwanafunzi ajitaje jina, aseme kwamba yeye ni mwanafunzi, aombe ruhusa, avute pazia. Mgonjwa anayo haki ya kukataa, na akikataa asinyimwe matibabu wala asitazamwe kwa jicho baya.

Kwa ndugu zetu polisi tunayo nasaha moja zaidi. Mnapomleta majeruhi pamoja na Fomu ya Polisi nambari 3, msimkabidhi kijana yeyote kwa kuwa tu amevaa koti jeupe. Mwanafunzi huweza kusaidia kusafisha jeraha na kutazama, lakini si yeye wa kutia sahihi. Fomu hiyo itafika mahakamani, na aliyeitia sahihi huweza kuitwa aitetee.

Turudi kwa koplo wetu. Jioni ya siku ile ile mmoja wa wale vijana, binti wa mwaka wa 4, alirudi peke yake. Alimwita “Afande,” akamwomba radhi kwa yale ya asubuhi, akauliza kama angeweza kuutazama mguu. Koplo alinyamaza, kisha akakubali. Binti aliona vidole vimevimba ndani ya plasta, akavigusa akavikuta baridi, na alipovikunja taratibu koplo akapiga kelele. Hakujifanya anajua la kufanya. Alimkimbilia mwuguzi, mwuguzi akamwita daktari, na plasta ikapasuliwa usiku ule ule. Mguu ukapona.

Tunawaomba basi askari na polisi wote: mwanafunzi akija kitandani kwako kwa adabu, mpe nafasi. Akija bila adabu, mrekebishe kama ambavyo ungemrekebisha kuruta, kisha umpe nafasi. Siku moja atakuwa yeye peke yake katika zahanati ya mbali, usiku, na aliyeletwa amelala juu ya machela atakuwa mwenzako. Alilojifunza kwako ndilo atakalolitumia.