STAA KAFUNGA INJINI YA SUPRA, BREKI KAACHA ZA ENZI ZA BABU, LAWAMA ZOTE KWA FUNDI!

Wiki hii mjini stori ni moja tu. Staa mmoja wa Bongo Fleva, yule anayeposti ndinga kuliko nyimbo, kashindwa kusimama kwenye taa na Datsun 240Z yake nyekundu, kamvaa mtu wa bajaji. Bajaji imekunjika, dereva kavunjika mguu. Siku mbili baadaye staa kaingia laivu na miwani yake myeusi na kumtupia lawama fundi: eti kamharibia gari. Mashabiki wakadaka hapo hapo, na mpaka sasa fundi wa watu anatukanwa yeye na familia yake.

Hapana. Hili haliwezi kupita kimya kimya.

Miezi mitatu iliyopita staa huyo huyo alitupia klipu boneti likiwa wazi, ndani kalala mnyama: 2JZ-GTE, injini ya Toyota Supra, lita 3, turbo mbili. Watu wakagawanyika kambi mbili. Wazee wa Datsun walilia kwamba kalinajisi gari la historia, gari lililobeba Safari Rally ya Afrika Mashariki mwaka 1971, likarudia mwaka 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta wa Kenya. Vijana wakawajibu kwamba historia haichomi tairi. Wakabishana weee mpaka usiku wa manane, na hakuna hata mmoja aliyeuliza swali la maana: breki je?

Tuelewane kitu kimoja. Kufunga injini ya kisasa kwenye gari la zamani sio dhambi. Mwaka 1962 Carroll Shelby wa Marekani alichukua gari dogo la Uingereza, AC Ace, akalifunga V8 ya Ford, ikazaliwa Cobra. Leo matajiri wanaigombea. Lakini wale jamaa hawakudumbukiza injini wakaenda zao kupiga picha. Waliimarisha bodi, wakaweka difu ngumu zaidi na breki za diski. Walijua injini ikiongezewa ubavu, kila kitu kinachoifuata lazima kiongezewe.

Sasa piga hesabu ya huyu wa kwetu. 240Z ilitoka kiwandani na injini ya lita 2.4, nguvu ya farasi kama 150 hivi. Mbele diski ndogo, nyuma dramu. Gari jepesi, tani moja na ushee, na kwa injini ile breki zile zilitosha. 2JZ ya Supra kule Japani ilitangazwa kuwa na farasi 280, na hapo hujagusa turbo. Toyota wenyewe walipoiweka kwenye Supra mwaka 1993 waliipa diski matairi yote manne. Staa wetu kachukua karibu mara mbili ya nguvu, kaacha dramu za miaka hamsini nyuma.

Na mwendo hauna urafiki na mtu. Ukitoka spidi 50 ukaenda 100, breki hazipati kazi mara mbili, zinapata mara nne. Ukizikanyaga mara kwa mara zinachemka, pedali inazama, gari linaendelea na safari. Hapo hata uwe na wafuasi milioni, taa nyekundu haikujui.

Tuje kwa fundi. Watu wa pale gereji wanasema aliandika orodha ndefu: injini, gia boksi, difu, rejeta kubwa, diski nne na kalipa zake. Staa akalipa injini na gia boksi. Zilizobaki zikaenda kwenye rimu, rangi na spika. Ya breki akasema tutaona mbele. Mbele kwenyewe ndiyo hiyo bajaji.

Fundi hana kosa kabisa? Analo. Alitoa ufunguo. Gari lisilosimama halitakiwi kutoka getini, hata mwenye gari awe nani. Lakini tusijifanye hatujui maisha. Fundi ana kodi ya fremu, ana vijana wa kuwalisha, na staa bado anamdai kazi ambayo hajamaliza kuilipa. Akigoma, kesho anaanikwa mtandaoni kama tapeli. Katoa ufunguo, na bado kaanikwa.

Kuna jingine ambalo halijasemwa kwenye laivu. Kadi ya gari inabeba namba ya injini. Kama ile kadi bado inasoma injini ya Datsun, watu wa bima wamepata sababu ya kuanza maswali. Hapo anayesubiri sio staa, ana ndinga nyingine nyumbani. Anayesubiri ni mtu wa bajaji, mguu juu ya mto, na marejesho ya kila wiki yanamdai.

Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Huyu kachuma janga, kamlisha mtu baki.

Kwa hiyo staa, miwani iwekwe pembeni. Uza zile rimu, mtibu yule dereva, mnunulie bajaji nyingine, kisha rudi laivu useme breki ulizikataa mwenyewe. Ukimaliza, kamalizie deni gerejini.

Na nyie mliobonyeza moyo kwenye ile klipu, siku nyingine mtu akifungua boneti kuonyesha mnyama wake, msimpigie makofi kwanza. Mwambieni ainame, avue tairi, aonyeshe kilichopo nyuma ya rimu.

Wewe unasemaje mdau? Staa, fundi, au wote? Dondosha maoni yako hapa chini, matusi hapana.